Pikipiki Isiyo na Mnyororo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bakari Hija. Umri: miaka 38. Kazi: tarishi wa ofisi ya serikali. Makazi: Manzese. Yameandikwa kituoni Jumamosi, 15 Novemba 1975, saa mbili asubuhi, mbele ya Koplo Gaspar.

Jirani yangu, fundi Leonardi Polikarpo, yuko mahabusu tangu jana jioni. Anatuhumiwa kuiba mnyororo wa pikipiki ya Padre Adelard, ambaye yuko safarini Morogoro. Hakuiba. Pikipiki ile haijapata kuwa na mnyororo tangu izaliwe.

Mnamo tarehe 14 Novemba, saa nane mchana, nikitoka msikitini, nilipita gereji kwa Leonardi. Alikuwa amemaliza kurekebisha breki za pikipiki hiyo, na Padre alikuwa ameagiza ijaribiwe safari ndefu. Leonardi aliniambia, "Dereva ni wewe. Twende Bunju, mie nakaa nyuma."

Nimeendesha pikipiki ya ofisi miaka tisa. Mnyororo wake unapiga kelele, unarusha grisi, na umeshakula kanzu zangu mbili. Hii nilipoiwasha ilijitikisa upande mmoja, ikatulia. Nikiongeza moto, kitako kinanyanyuka. Nikipunguza, kinashuka taratibu. Nyuma kimya kabisa. Nilimsikia Leonardi akiimba wimbo wa kanisani, na anaimba vibaya. Lami ilipokwisha nilidhani itaanza ukorofi, lakini mashimo iliyapita kama haiyaoni. Bunju tulifika saa tisa na dakika tano. Sikutaka kushuka. Naomba hilo liandikwe.

Tulirudi saa kumi na nusu. Mgambo Alfonsi alikuja gereji, akainama kwenye gurudumu la nyuma, akauliza, "Mnyororo uko wapi?" Leonardi alicheka. Hilo ndilo kosa lake pekee. Alfonsi akaona mnyororo mkuukuu umetundikwa msumarini, akamkamata. Nilimweleza kwamba gurudumu linazungushwa na shafti iliyofichwa ndani ya bomba la chuma, kama ya lori. Akasema, "Usinifanye mie mtoto." Si mtu mbaya, ila amezoea baiskeli.

Natoa kanzu niliyovaa jana iwe kielelezo. Tazama upindo wa nyuma: vumbi la Bunju tu, grisi hata tone.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyaendesha mwenyewe. Nimesomewa, nayakubali.

Sahihi: B. Hija

Maoni ya askari: Kanzu nimeikagua, ni safi. Pikipiki nimeiendesha mwenyewe hadi Mabibo na kurudi. Mnyororo haina wala haiuhitaji. Mtuhumiwa ameachiwa saa tatu. Saa tatu na robo nimekwenda tena, yeye akiwa nyuma, kwa ajili ya kuhakikisha zaidi. Anaimba vibaya kweli.

Kpl. Gaspar