Nafasi ya Mama Mmoja

Jumamosi, Iringa

Huu mkutano wa nasaba wa mtandaoni umenichosha. Sauti ilikatika kila mara, nikavumilia, maana nilitaka kujifunza hiyo programu mpya ya kuchora ukoo. Mtoa mada anasema ni rahisi. Rahisi kwa nani?

Babu alikuwa na wake wawili, na Mama ni mtoto wa mke mdogo. Programu inataka mke mmoja tu. Nikauliza, nikajibiwa, "Mwandike yule mkubwa." Yaani bibi yangu afutwe hivi hivi!

Nikampigia Mama, yuko Chunya, nikiwa bado na hasira. Nikamweleza, akacheka.

"Mwandike huyo mkubwa, mwanangu. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga. Mkubwa ndiye aliyeninyonyesha. Mimi ziwa hili, mwanawe, mjomba wako, lile."

Nilijua bibi alifariki mapema. Hilo la kunyonyeshwa sikuwahi kulisikia. Nililia kidogo.

Nimewaandika wote wawili kwenye nafasi ya mama yake Mama. Programu imekataa, eti mtu hawezi kuwa na mama wawili.

Basi impigie Mama imwambie yenyewe.