Delfina Amemng'ata Wakala

Ligaya, Delfina wetu amemng'ata wakala wa ajira! Amemng'ata kweli, mpaka damu!

Asubuhi kaitwa ofisini kwake hapa Iloilo, asaini mkataba wa kufundisha hisabati Dubai. Kuusoma, umeandikwa "mfanyakazi wa ndani". Mfanyakazi wa ndani, shoga!

Akasema, "Nirudishie pasipoti yangu." Lile jitu likafunga mlango. "Saini kwanza, mwalimu, usijitie ujuaji." Likamkaba koo!

Ndipo akaling'ata mkono. Likamtwanga ngumi, jino likang'oka. Walimu waliokuwa wakisubiri nje wakavunja mlango kwa benchi, wakalitandika mpaka likatoa pasipoti.

Sasa anashonwa mdomo, niko naye zahanati. Kusema hawezi. Kaniandikia kiganjani: "Muulize Ligaya, shule yao ya Bangkok bado inatafuta mwalimu wa hisabati?"