Ning'oe Shambani, Riziki

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Riziki,

Anayeshika kalamu ni mama yako. Mimi nasema tu, na nimemwapisha asirembe neno. Tuko saluni kwake hapa Yeoville, wateja wawili wanangoja kusukwa, wamenuna. Wangoje. Nina mjukuu wa kugombeza.

Jumapili ulinipigia simu ukilia. Ukasema mwalimu wako huko kwenye kituo cha utafiti wa pamba anataka uchague wiki hii mbegu zipi ziendelee na zipi zitupwe, na kwamba ile uliyoipa jina langu, Bibi, imeangusha tena vitumba mvua ilipochelewa. Ukasema, "Siwezi kukutupa, Bibi. Bora niache masomo nirudi kusuka."

Eish! Mtoto, wewe unasuka vibaya. Mama yako anacheka, lakini ameandika.

Unakumbuka balkoni yetu ya Berea? Ndoo mbili za rangi, na ndani yake zile mbegu chache tulizozikuta zimejificha kwenye mto wa kulalia wa babu yako, niliokuja nao kutoka kwetu Imbo. Majirani walidhani tunapanda bangi. Mlinzi wa jengo akapanda ngazi zote kuja kukagua, akahema, akatazama, mwisho akaomba pamba kidogo ya kuziba sikio lake lililokuwa likimuuma.

Vitumba vilipopasuka ulinyakua kitana cha mama yako, ukakaa sakafuni, ukaichana mbegu moja mpaka nywele zake zikasimama pande zote. "Bibi, huyu ana nywele ndefu! Yule kipilipili!" Nami nikakufundisha kuvuta: vidole viwili huku, viwili kule, polepole, usikie nyuzi zinavyokatika. Halafu mwaka ule wa mpira na vuvuzela ukaenda chuo, ukanipigia kuniambia kumbe na huko wanachana mbegu hivyohivyo, kisha wanapima kwa rula. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa nisikilize. Mume wetu, babu yako, alikuwa akipita shambani akifunga ukambaa wa mgomba kwenye miche aliyoitaka kwa mbegu. Namfuata nyuma, namchokoza: "Unachumbia?" Ananijibu, "Bado. Huyu sijamwona mwaka wa jua." Na mwaka wa jua ukifika, mche ulioangusha vitumba alikuwa akiufungua kamba yake bila kuuaga, hata ungekuwa mzuri namna gani.

Ile nyingine uliyoiita Tabu, jina la shangazi yako, umesema nyuzi zake ni fupi na ngumu, ila mvua inyeshe isinyeshe inabeba. Ni Tabu mtupu huyo! Jua, baridi, yuko Joubert Park akiuza nyanya zake. Usimwambie nimesema. Mwalimu wako anataka unitoe mimi mistarini, ila kwanza uchukue unga wa ua langu umpake Tabu kwenye ua lake, kisha usubiri watoto wao na wajukuu wao, uchague tena na tena. Ana akili yule, ingawa siku aliyotutembelea shati lake lilikuwa halijaona pasi.

Najua unachoogopa. Kifua changu kinakohoa, na unataka kitu cha Bibi kibaki kimesimama mahali. Mtoto, mimi si mche. Ukiung'oa sitaanguka hapa saluni. Nimeshika gwinya, andazi la moto kutoka duka la spaza, na nitalimaliza. Na kitu changu kitabaki, ndani ya watoto wa Tabu wenye nywele ndefu. Kuna mtu atavuna mwaka wa jua, atalipa ada ya mtoto wake, na hatajua kabisa kwamba kulikuwa na bibi mmoja mkorofi Berea. Mimi hilo linanitosha. Wewe likutoshe pia.

Kwa hiyo chukua huo unga, mpake Tabu, nichane mara ya mwisho, kisha ning'oe. Usilie. Ukilia utalowanisha pamba.

Mbegu kidogo tu niletee ukija Krismasi. Ndoo za rangi bado zipo balkoni. Mama yako ameweka vitunguu ndani, lakini atavitoa.

Ameacha kuandika, ananitazama. Andika, Mama Riziki: atavitoa.

Mke mwenzako mkubwa,
Bibi