Pini Iliyobaki Kofiani

Thika,
Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa Wakesho,

Pokea salamu zangu, wewe na mama na watoto. Natumaini kifua cha mama kimetulia sasa baridi ya huko mlimani imepungua, na kwamba yule mdogo wenu ameacha kula udongo. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo si nzima, na utaiona kwenye mwandiko huu.

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba jambo moja. Ikiwa shemeji ameshafika na lori, nenda ukachukue hendeli, kile chuma kilichopinda cha kuwashia injini. Iko chini ya kiti cha dereva. Ifiche ndani ya pipa la mahindi. Bila hendeli lori hilo haliwaki, maana betri yake ni ya kutazamwa tu. Ukishaificha, kaa chini uendelee kusoma.

Unajua mumeo Mwadime alikaa nami hapa wiki tatu akitafuta gari la kuteremshia kabichi kutoka huko juu hadi soko la Mwatate. Moyo wake ulikuwa kwenye pikapu moja ndogo ya kijani aliyoiona hapa Thika. Mimi ndiye niliyemkatalia. Nilimwambia pikapu ni gari la karani, na kwamba kwenye kona zetu, na mzigo nyuma, itachoka kabla ya mwaka kwisha. Nikampeleka Ruiru, kwenye shamba moja la kahawa, kutazama lori la jeshi lililobaki tangu vita, lile la pua ya mraba. Dada, nilipoliona nilisahau njaa. Lori hilo lilibeba askari hadi Uhabeshi na likarudi kwa miguu yake. Mwadime alikuwa na wasiwasi nalo, lakini akasema, "Wewe ndiye fundi, shemeji." Likawa letu, na tukalipeleka gereji ninayofanya kazi, hapo hapo Ruiru, ili nilikaze kabla ya safari.

Sasa sikiliza desturi ya gereji yetu. Kazi ya usukani haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anafunga, kisha mwenzake anaingia chini ya gari, anagusa kila nati kwa vidole vyake, na anasema kwa sauti, "Nimeshika." Gari ambalo halijasemewa hivyo halitoki. Mimi nikifunga, anayeshika ni rafiki yangu Njoroge. Yeye ni Mkikuyu wa hapa hapa, na tangu hali ya hatari hatembei bila pasi, na pasi yenyewe kila mara inataka muhuri mwingine. Jana Jumamosi alishinda kwenye foleni ya pasi.

Basi jana nililala chini ya lori bila mwenzangu. Waliokuwepo ni Mwadime na Muthui, dereva Mkamba wa shamba la mkonge, ambaye huja kila Jumamosi kupiga soga za magari. Nati za usukani zinazuiwa na pini ndogo zinazopita katikati, ili zisijifungue kwa mtikisiko. Mimi nikizitoa huzichomeka kwenye utepe wa kofia yangu na kuiweka kando ya kichwa, zisipotee vumbini. Nilikuwa nimezitoa nne. Nikawa nazirudisha moja moja huku nikiwasikiliza wale wawili. Muthui akawa anasifu malori mapya ya dizeli, jinsi yanavyopanda mlima bila kulalamika, na akasema hili letu limebaki kufugiwa kuku.

Maneno hayo ya kuku yaliniuma kana kwamba mtu ametukana ukoo wetu. Nikatoka chini, kofia kichwani na spana mkononi, nikafungua boneti na kuzungusha hendeli ili asikie injini inavyoimba. Tukabishana hapo mpaka chai ikapoa. Muthui akasema atakubali tu siku litakapofika Mwatate na mzigo, Mwadime akacheka na kusema Alhamisi atamwandikia. Kisha Mwadime akaona jua limepanda, akatuaga, akaondoka na lori. Nililikimbilia nyuma nikipunga mkono, mtu mzima mimi. Chini ya lori sikurudi.

Leo asubuhi nilipofika mlangoni mwa kanisa nikavua kofia, maana ninayo moja tu, ya kazi na ya kanisa. Kitu kikaanguka kwenye sementi. Nikainama, nikaona pini. Sikuingia, dada. Nilitamani iwe ya gari lingine, la wiki iliyopita au mwezi uliopita, kwa kuwa utepe huo hubeba takataka nyingi. Nikapanda baiskeli mpaka Ruiru nikamwonyesha Njoroge. Aliigeuzageuza juani, akaisugua kwa kidole gumba.

"Hii si ya zamani, Mwakio. Ona grisi bado ni mbichi. Hii ni ya jana." Halafu akaniuliza, "Mimi nilikuwa kwa foleni. Nani alishika?"



Naogopa, dada. Nati isiyo na pini hailegei siku ya kwanza. Njia ya chini ni ndefu lakini imenyooka, na lori halina mzigo, kwa hiyo Njoroge anasema litafika. Nami nimeyashikilia maneno hayo. Lakini Alhamisi ataliteremsha limejaa kabichi, kona baada ya kona, na mama alisema kwenye barua yake kwamba siku hiyo atapanda mbele na watoto waende kuona soko. Nati ikitoka hapo, usukani utazunguka mikononi mwa Mwadime na magurudumu hayatamsikia.

Nilifikiria kupiga simu ya maandishi, lakini leo posta imefungwa, na kesho nikiipiga, mama akiiona tu atajua kuna maiti. Afadhali Mzee Mghanga, jirani yangu wa hapa, anakwenda likizo kwa treni ya kesho. Ameniahidi Jumanne jioni atakuwa mlangoni kwenu na barua hii. Mpe chai.

Pini yenyewe nimeifunga ndani ya karatasi hii. Ingia chini ya lori kwa mbele, utazame nyuma ya magurudumu ya mbele. Utaona chuma kirefu kinachoyaunganisha. Anza na ncha ya kushoto, kisha ya kulia, kisha zile nati mbili zilizo karibu na sanduku la usukani. Kila nati ina tundu. Ukigusa vijipembe viwili vilivyopindwa kama vya mbuzi mchanga, pini ipo. Ukigusa tundu tupu, mwite Mwadime akaze nati, apitishe hii, aikunje. Barua si siri kwake, msomee yote. Ila ficha hendeli kwanza, unamjua. Atasema gari halina neno, ili tu mimi nisione haya.

Hasira zako nitazipokea, ni haki yako. Pikapu ya kijani bado ipo hapa Thika, naipita kila siku bila kuitazama.

Nisalimie mama, na umwambie Alhamisi hii asubiri kwanza. Msalimie mjomba Mwakughu anayetunza shamba letu, na shangazi mwimbaji wa kanisani, na wanao wote, kila mmoja kwa jina lake. Mwadime mwambie anisamehe.

Unakumbuka nilipokuwa nafunga zizi la mbuzi jioni, nawe ukaja nyuma yangu kugusa komeo? Nilikuwa nakasirika, nikikuuliza mbona huniamini. Hukuwahi kunijibu, uligusa tu ukaingia ndani.

Nenda ukaguse, dada. Ukimaliza, nitumie neno moja tu, kwamba umeshika.

Ni mimi mdogo wako,
Mwakio