Panga Nililomkabidhi Devota

Alhamisi. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa tano. Sasa ni jioni, ukungu unapanda mlima wa Ngara, na mimi nina matope hadi magotini. Sina hamu hata ya kuvua viatu.

Leo sitaandika vizuri. Naandika tu, nisipasuke.

Chuo chetu ni kidogo, kwa hiyo mlango wangu una vibao viwili: Mratibu wa Huduma kwa Jamii, na chini yake Mshauri wa Wanafunzi. Wote wawili ni mimi. Mwanafunzi akifiwa, akikosa chakula, akipata mimba, anagonga hapo. Kijiji kikitaka mafunzo, kinagonga hapohapo. Jamani, nilikuwa natembea kifua mbele kwa ajili ya vile vibao.

Miezi miwili iliyopita niliwapeleka wanafunzi wa stashahada ya kilimo kijijini Keza, wakawaonyeshe wakulima namna ya kuzuia mnyauko wa migomba. Darasani tunafundisha hivi: ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, linavunjwa kwa kijiti chenye panda. Si kwa panga. Panga likigusa mgomba mgonjwa linabeba ugonjwa hadi mgomba unaofuata, isipokuwa umelichoma kwanza kwenye moto. Hata wa mwaka wa kwanza analijua hili. Somo lenyewe niliandika mimi.

Siku ile tulikuwa na wageni waliokuja kukagua programu zetu, pamoja na mpiga picha wa chuo. Na kijiti ni kazi ya taratibu: unainua shingo, unalenga, unazungusha, kinateleza, unaanza upya. Wingu lilikuwa limeshafunga. Mpiga picha analalamika kwamba tunaonekana kama watoto wanaoangua mapera. Nikaazima panga kwa mwenye shamba, nikampa Devota, kiongozi wa kikundi. "Kata, binti, tumalize."

Akaniangalia. "Madam, na moto je?"

Nikamwambia migomba yote hii ni mizima, asinicheleweshe mbele ya wageni.

Haikuwa mizima yote.

Alikata shamba hadi shamba, mashamba saba, la mwisho likiwa la mama yake mzazi, maana Devota ni mtoto wa Keza hukohuko. Wageni wakapiga makofi. Nami nikapiga, tena kwa nguvu.

Sasa majani yamekuwa ya njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani zimeoza. Watu wanang'oa migomba waliyoachiwa na babu zao na kuifukia. Kijiji kimeleta barua chuoni. Chuo kikatafuta mkosaji, na hakikutafuta sana, kwa sababu picha ipo, imebandikwa ukutani karibu na ofisi ya mkuu: Devota ameshika panga, anacheka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mpiga picha.

Kesho saa tatu asubuhi anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kosa lake ni kukiuka maelekezo ya mkufunzi. Mkufunzi ni mimi, na walipoliandika kosa hilo nilikuwemo kikaoni. Nikanyamaza. Nimenyamaza wiki nzima. Nilijiambia nina watoto wanasoma. Nilijiambia programu yetu itafungiwa. Nilijiambia Devota bado mdogo, atapata chuo kingine. Mtu mzima na akili zangu!

Leo asubuhi aligonga mlango. Alikuja kwa mshauri wa wanafunzi, kuomba nimsomee maelezo yake kabla hajayapeleka. Nikasoma. "Niliamua mwenyewe kutumia panga." Na saini chini yake.

Nikamuuliza kwa nini ameandika hivi. Akajibu akiangalia sakafu, "Wakikuondoa wewe, Madam, nani atawasaidia wenzangu? Mimi dada yangu ana mgahawa Nyakanazi. Nitaenda kupika."

Kisha akanishukuru. Alinishukuru, Mungu wangu!

Alipotoka nilifunga mlango kwa ufunguo nikalia mpaka kichwa kikaniuma. Mvua ilipokatika nikachukua bodaboda hadi Keza. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba nikikaa ofisini nitatafuta sababu nyingine ya kunyamaza.

Mama yake nilimkuta shambani, anafukua visiki kwa jembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Akadhani nimekuja kumwombea msamaha binti yake.

"Mwalimu, huyo usimtaje hapa. Nimeshamwambia asikanyage tena kwangu."

Sikulijua hilo. Devota hakuwahi kuniambia kwamba amefukuzwa nyumbani. Maneno niliyoyameza wiki nzima yakatoka yenyewe. Nikamwambia panga nilimpa mimi. Nikamwambia binti yake aliuliza kuhusu moto, nami nikamkatalia.

Jembe likasimama.

"Na yeye analijua hilo?"

"Analijua, mama."

"Alikaa pale, ninamtukana, ninamwambia ameua shamba la marehemu baba yake. Hakusema?"

"Hakusema."

Nilitamani anipige. Kweli, nilisimama pale nikisubiri kupigwa, na ningeshukuru. Hakunigusa. Alinawa mikono, akajifunga kitenge vizuri, akanipita akaenda hadi kwenye bodaboda niliyokuja nayo. Akazungumza na dereva kwa Kihangaza, lugha ya huku. Mimi ni Msubi wa Biharamulo, Kihangaza nakidaka nusunusu, lakini nilisikia: chuoni, kwa mwanangu. Dereva akanitazama mimi niliyemkodi. Yule mama alikuwa ameshapanda. Nikaitikia kwa kichwa kwamba aende.

Nimetembea kwa miguu katikati ya mashamba yale saba hadi barabara kubwa, watu wakinisalimia vizuri, "Karibu tena, mwalimu." Huko nikapata lifti ya lori.

Barua yangu kwa kamati nimeiandika mara tu nilipofika. Imekuwa fupi. Kesho nitaingia kabla ya Devota, na wakitaka kubandua kibao mlangoni wabandue vyote viwili. Migomba haitarudi kwa barua. Hilo nalijua.

Lakini linalonitafuna si kamati. Kama Devota leo asubuhi angeingia kwa hasira, akanielekezea kidole na kudai niseme ukweli, ningekwenda Keza?

Nimejiuliza hivyo njia nzima. Nafikiri ningemkana.