Mpiga Dufu wa Plastiki na Kalibu ya Juu ya Pipa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, soko la vitu vya zamani, Toshkent
Jumanne, 11 Juni 2019, saa nne asubuhi

Jina: Turob Mirzarahimov
Umri: miaka 52
Kazi: fundi saa
Makazi: Chilonzor

Afande, nianze na kosa. Nilimsingizia dada Oyniso, mwenye meza sokoni, na nilijua namsingizia.

Pale sokoni, mtu akiwa na kinyago cha plastiki, kisanamu cha kuchezea cha zamani, kisicho na chapa, huniletea mimi nimwambie kimetoka wapi. Kuna kimoja cha mpiga dufu. Kwa miaka tisa nimewaambia watu kimetoka Ujerumani. Kina kimstari kilichotuna kwenye buti la kushoto, nami nikawa nasema hiyo ndiyo alama ya Mjerumani.

Mnamo tarehe 26 Mei, Jumapili, saa mbili asubuhi, dada Oyniso, miaka 68, alipanga mezani wapiga dufu arobaini. Akasema ni vya hapa hapa Toshkent, kalibu ya chuma ya kuvifyatulia aliichonga marehemu baba yake, Habibulla Yusupov. Watu wakanigeukia wakicheka. Nikachukua kimoja, nikakichoma kwa sindano ya moto kama kawaida yangu. Kikanuka siki, na plastiki mpya hainuki hivyo. Nikajua ni vya zamani kweli. Lakini nikaona aibu, nikaja hapa kuandikisha kwamba anafyatua feki. Vikachukuliwa vyote, meza ikafungwa, na sokoni wakaanza kumwita Mama Feki.

Leo saa tatu tuliitwa wote wawili. Dada Oyniso akaingia amekumbatia kitu kizito cha chuma ndani ya taulo, kinanuka matango ya siki. Sajenti Qahramonov akamuuliza, "Mama, chuma tena? Kesi yetu ni ya plastiki."

Ilikuwa kalibu yenyewe, vipande viwili. Kumbe tangu baba yake afariki ilikuwa inakandamiza kifuniko cha pipa la matango jikoni.

Sajenti akaomba donge la unga kwa muuza sambusa wa mlangoni. Tukalibana ndani ya kalibu, tukafungua. Akatoka mpiga dufu mweupe, na kwenye buti la kushoto, kile kimstari changu. Dada Oyniso akasema hapo patasi ya baba yake iliteleza. Kisha akanitazama.

"Mdogo wangu, miaka tisa umempeleka baba yangu Ujerumani bila pasipoti. Sasa mrudishe nyumbani."

Nilicheka, halafu nikashindwa kuendelea kucheka.

Jumapili hii, tarehe 16, saa mbili kamili, nitasimama kwenye meza yake na kumwambia kila mteja ukweli. Kila kinyago nitakiandikia kadi kwa mkono wangu: Toshkent, kazi ya Habibulla Yusupov. Na kabla ya hapo, Jumamosi, nitampelekea jiwe zuri la mtoni la kuweka juu ya pipa, ili kalibu ya mzee ipumzike.

Nimesomewa, nimekubali ndivyo nilivyosema.

(Sahihi) T. Mirzarahimov

Maelezo ya afisa: Vinyago arobaini amekabidhiwa mwenyewe, Oyniso, na meza yake imefunguliwa. Kinyago cha unga hakikuhifadhiwa kama kielelezo. Muuza sambusa alikidai, akakioka. Sajenti Qahramonov.