Mfuko Wenye Jina Langu

Kwa Mama yangu, Mwaitu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na mguu wako wa kushoto nausalimu peke yake, maana najua baridi ya mwezi huu haikuusahau. Dada Mwende anakusomea barua hii kwa sababu nimemwomba, na nimemwonya asiruke mahali. Ukiondoka uende jikoni, akufuate nayo huko huko. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini ni kwa ajili ya vijiti vya kulia, si ugonjwa.

Najua hunisemeshi tangu ile Jumamosi ya usafi. Nikipiga simu, Mwende hunijibu, "Bro, mathe bado amenuna. Anasema anapika." Miezi minne, Mama! Hakuna mahindi ya muthokoi yanayochemka miezi minne. Basi nikupe habari za huku kwanza, halafu nitakuomba jambo moja.

Kaunti ilinileta Japani nijifunze wenzetu wanavyoshughulikia taka za mjini, ili nirudi niwafundishe watu wa Eastlands. Nilikuja nikijiona bingwa. Mtu amesimamia malori ya taka Jogoo Road miaka kumi na moja, nani wa kumfunza kutupa?

Mama, huku mfuko wa taka unaonyesha kila kilicho ndani, na juu yake unaandika jina lako. Jina! Nilimkumbuka jirani yetu Baba Muthoni, anayeficha chupa zake kwenye taka za mchungaji. Huku angeokoka kwa lazima. Taka za kuchomwa zina siku yake, makopo siku yake, chupa siku yake, na hiyo chupa uioshe, uivue kifuniko na karatasi, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Jumanne ya kwanza nilitoa mfuko wangu, mifupa ya kuku pamoja na kopo la samaki, nikaenda darasani. Kurudi jioni, mfuko umekaa mlangoni unaningoja, una karatasi nyekundu. Wiki ya pili vivyo hivyo. Wiki ya tatu mwalimu akatuonyesha picha ya makosa ya kawaida, na pale ukutani nikasoma KYALO, kwa mwandiko wangu mwenyewe, mifupa ya kuku ikichungulia chini yake. Wenzangu wa nchi nyingine walipiga makofi.

Aliyekuwa akinirudishia mfuko ni jirani yangu, Shosho Tanaka, mwenyekiti wa taka wa mtaa wetu, bibi mdogo wa mwili mwenye glovu nyeupe. Halipwi hata senti. Anaogopwa tu. Bosi wetu wa kaunti alipokuja kututembelea, swali lake lilikuwa moja: "Haya malori mnanunua wapi?" Mwalimu akamjibu kwa adabu kwamba lori ni jambo la mwisho, la kwanza ni yule bibi mwenye glovu. Bosi akaandika kwenye daftari, kisha akauliza glovu zinanunuliwa wapi.

Sasa nisikilize vizuri. Kuna siku ya kutoa vitu vikubwa. Mtu anabandika juu ya kitu karatasi ya ruhusa yenye jina lake, anakiacha kando ya barabara, na lori linakuja kukichukua. Feni nzima, Mama! Kiti hakina hata mkwaruzo! Mtu wa kwetu Makongeni atapitaje? Nikachukua. Siku nyingine nikachukua tena. Mwisho chumba changu kilikuwa na feni tatu, viti vinne na pasi mbili, nami nalala nimejibana mlangoni. Mimi niliyekuambia mbele ya majirani kwamba umegeuza nyumba kuwa jaa!

Asubuhi moja nikaona redio. Ya mbao, yenye vitufe viwili na kitambaa cha kahawia mbele. Nilidhani ni ile ya Baba. Ile iliyokaa juu ya kabati chini ya kitambaa ulichokifuma mwenyewe, isiyotoa sauti tangu tulipomzika. Nami, kwa kutaka watu wa usafi waone nimeanza na nyumba yetu, niliirusha kwenye lori ukiwa kanisani. Ulirudi, ukakikunja kile kitambaa, ukaingia jikoni. Heri ungenichapa.

Nikaikumbatia redio pale barabarani. Shosho Tanaka akatokea. "Weka," akasema. Kuchukua vilivyotolewa ni kosa huku, wala sikulijua mpaka aliponiambia, na niliona wazi nikirudishwa nyumbani bila cheti. Nikakusanya Kijapani chote nilicho nacho: "Redio. Baba. Amekufa. Mimi nimetupa. Mama hasemi."

"Mama mgonjwa?"

"Hapana. Hasira."

Akanitazama. "Mama ana haki," akasema. Kisha akaibandua ile karatasi ya ruhusa, na ndipo nikaona jina lililoandikwa lilikuwa lake. "Ya mume wangu," akasema, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. "Haina karatasi. Sasa si taka."

Nililia, Mama, mtu mzima na kitambulisho cha kaunti shingoni. Lakini usidhani alilegea. Siku hiyo hiyo aliingia kwangu, akaziona feni, akanisimamia nikarudisha vyote kimoja kimoja, kila kimoja na karatasi yenye jina langu.

Ripoti ya kaunti nimeimaliza. Pendekezo la kwanza nimeandika: kabla ya kutupa kitu, muulize mwenyewe. Mwalimu aliweka alama ya vema. Bosi atauliza linanunuliwa wapi.

Nisalimie mjomba mchongaji kule Wamunyu, na shangazi wa kwaya, na mama mboga wetu pale getini. Baba Muthoni mwambie mifuko inayoonyesha ndani iko njiani.

Nisamehe, Mama. Nilikukosea, tena mbele ya watu. Mwezi ujao narudi, na redio naibeba mwenyewe mikononi. Haitoi sauti, kama ile. Najua si ya Baba, na haitakuwa. Sikulazimishi kusema neno. Ukinisamehe, tandika tu kile kitambaa juu ya kabati, na Mwende anitumie picha. Kisipotandikwa nitakuja vilevile, nikae mlangoni kama mfuko wangu, mpaka mwenye nyumba aamue.

Ni mimi mwanao,
KYALO
(kwa herufi kubwa, kama nilivyofunzwa)